Aliyemdhihaki ndiye aliyemhitaji: kisa cha madarasa ya Austin, 1971

Ukimwambia mwalimu atumie mbinu shirikishi, aghalabu kitu cha kwanza anachofanya ni kusogeza madawati. Wanafunzi sita wanaketi wakitazamana, wanapewa swali moja na karatasi moja. Anayejua anaandika, wawili wanamtazama anavyoandika, waliobaki wanapiga soga mpaka muda uishe, kisha majina ya wote yanapangwa juu ya karatasi. Mkaguzi akipita ataona ushirikiano. Mimi naona mwanafunzi mmoja anayefanya kazi na watano waliopumzishwa.

Kisa ninachokichambua hapa kina zaidi ya miaka 50. Nimekichagua kwa sababu kinaonyesha, kuliko vingine ninavyovijua, tofauti kati ya wanafunzi kukaa pamoja na wanafunzi kuhitajiana. Kilitokea Austin, makao makuu ya jimbo la Texas nchini Marekani, na aliyekisimulia zaidi ni mwanasaikolojia Elliot Aronson, wakati huo profesa katika Chuo Kikuu cha Texas papo hapo mjini.

Hali ilivyokuwa

Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1954 kwamba kuwatenga wanafunzi kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha Katiba. Kama ilivyokuwa katika miji mingi ya kusini, Austin ilijivuta kwa miaka mingi. Mwaka 1971 mpango wa kuchanganya shule ulipoanza kutekelezwa kwa nguvu, mzigo mkubwa waliubeba watoto Weusi: shule yao ya sekondari ya siku nyingi, Anderson, ilifungwa mwaka huohuo, wanafunzi wakapakiwa mabasi kwenda kusoma upande wa pili wa mji. Madarasani wakakutana watoto Weupe, Weusi na wenye asili ya Meksiko ambao walikuwa wamekulia katika mitaa iliyotenganishwa na hawakuwahi kuketi chumba kimoja.

Haikuchukua wiki nyingi ngumi zikaanza kurushwa kwenye korido na viwanjani. Uongozi wa shule ukamwomba Aronson msaada.

Alichofanya kwanza ndicho ninachokithamini zaidi katika kisa chote. Hakuandaa semina ya upendo wala mabango ya umoja. Yeye na wanafunzi wake wa chuo kikuu waliingia madarasani, wakaketi nyuma, wakatazama masomo yanavyoendeshwa. Ugomvi ulikuwa nje, lakini wao walikwenda kutazama ndani, wakati wa vipindi vya kawaida kabisa.

Walichokiona kila mwalimu anakijua. Mwalimu anasimama mbele na kuuliza swali. Mikono inapaa, baadhi ya watoto wananyanyuka kwenye viti, wengine wanapunga mkono ili waonekane. Mwalimu anamchagua mmoja. Papo hapo waliobaki wanaguna kwa kukata tamaa. Yule aliyechaguliwa akikosea, mikono inapaa tena, safari hii kwa furaha zaidi, maana kosa la mwenzao limewafungulia nafasi. Pembeni kuna kundi la watoto wasionyanyua mkono kabisa, macho yako chini, wakiomba mwalimu asiwatazame.

Hapa hakuna aliyefundishwa chuki. Ila somo lenyewe limepangwa kama mashindano: tuzo ni moja, nayo ni sifa ya mwalimu, na kila mwanafunzi mwenzako ni mtu anayeweza kukunyang'anya. Sasa ingiza katika mashindano hayo watoto waliotoka shule zilizonyimwa vitabu na vifaa, walio nyuma katika kusoma, na baadhi yao Kiingereza ni lugha ya pili. Wanashindwa kabla ya swali kuulizwa. Watoto Weupe wanahitimisha kwamba wageni hawa ni wazito wa kuelewa. Wageni nao wanawaona wenyeji kuwa ni watu wa kujionyesha. Kila kipindi kinathibitisha kile ambacho kila upande ulikuwa umeambiwa nyumbani.

Kulikuwa na maandishi ya kitaalamu yaliyokwisha kuonya juu ya jambo hili. Mwaka 1954, mwaka uleule wa hukumu ya mahakama, mwanasaikolojia Gordon Allport wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika kwamba kuwakutanisha watu wa makundi mawili hakutoshi kupunguza chuki. Wanatakiwa wakutane wakiwa na hadhi sawa, wakifuata lengo moja, wakishirikiana kulifikia, na wenye mamlaka wakiunga mkono. Kiangazi cha mwaka huohuo mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake walifanya jaribio lao maarufu kwenye kambi ya wavulana huko Oklahoma. Waliwagawa makundi mawili, wakawashindanisha mpaka wakawa maadui, kisha wakajaribu kuwapatanisha. Kuwalisha pamoja na kuwaonyesha filamu pamoja hakukusaidia; walirushiana chakula. Uhasama ulianza kulegea pale maji ya kambi yalipokatika na pale lori la chakula lilipogoma kuwaka, kazi ambazo kundi moja peke yake lisingeziweza.

Ukilitazama darasa la Austin kwa kipimo cha Allport, linafeli karibu kila kipengele. Hadhi haikuwa sawa, lengo la mmoja lilikuwa hasara ya mwingine, na ushirikiano ulihesabiwa kuwa udanganyifu. Kwa hiyo swali la Aronson lilikuwa hili: ndani ya kipindi cha kusoma cha watoto wa darasa la tano, lori la kuvuta pamoja litatoka wapi?

Somo lilivyopangwa upya

Jibu lake likapewa jina la jigso, ule mchezo wa kuunganisha vipande vya picha. Mada iliyozoeleka zaidi katika simulizi zake ni maisha ya Eleanor Roosevelt, mke wa rais Franklin Roosevelt. Maisha hayo yaligawanywa vipande: utoto wake, maisha yake ya ndoa na watoto, kipindi baada ya mumewe kupata polio, kazi yake akiwa Ikulu, na kazi yake baada ya kifo cha mumewe.

Wanafunzi wakapangwa vikundi vya watano au sita, vikichanganywa kwa makusudi kwa rangi, jinsia na uwezo. Kila mtoto akapewa kipande kimoja tu. Hakuwa na vile vingine, na hakukuwa na kitabu cha kwenda kuvichungulia. Akisoma kipande chake mpaka akizoee, anaondoka kwa muda kwenye kikundi mama na kukutana na wenzake wa vikundi vingine wenye kipande hichohicho. Hapo wanakubaliana jambo gani ni la msingi na namna ya kulieleza. Kisha anarudi kikundi mama na kuwafundisha wenzake. Baadaye wote wanafanya mtihani, kila mtu kivyake, kuhusu maisha yote ya Eleanor Roosevelt.

Naomba uangalie sehemu mbili za mpangilio huu, maana ndizo zinazoachwa kila mbinu hii inapoigwa harakaharaka.

Ya kwanza ni mtihani wa mtu mmoja mmoja. Hakuna alama ya kikundi. Aliyelala wakati mwenzake anaeleza utoto wa Eleanor ataulizwa kuhusu utoto wa Eleanor, na hakuna wa kumbeba. Walimu wengi wanaogopa kwamba mtihani wa kila mtu kivyake utavunja moyo wa ushirikiano. Katika Austin ndio uliouleta, kwa kuwa njia pekee ya kuufaulu ilikuwa kumsikiliza jirani.

Ya pili ni kile kikao cha wenye kipande kimoja. Mtoto anayesoma kwa shida akitupwa moja kwa moja mbele ya kikundi chake, ataaibika, na kikundi kitapata kipande kibovu. Kikao hiki kinampa nafasi ya kusikia maelezo ya wenzake waliosoma maneno yaleyale, kurekebisha alichokosea na kujaribu kusema kwa sauti kabla mambo hayajawa ya kweli. Kukiruka ili kuokoa dakika 10 ni kumwaga maji kwenye chombo kilichotoboka. Mwalimu anayekiruka asishangae wanafunzi wakitoka na habari za uongo kuhusu Eleanor Roosevelt.

Carlos na wenzake

Aronson anamsimulia mvulana aliyempa jina la Carlos. Kwao walizungumza Kihispania. Kiingereza alikijua, lakini kwa lafudhi, na kila alipofungua mdomo wenzake walimcheka. Kwa hiyo alijifunza kunyamaza. Mwalimu wake naye alijifunza kumwacha anyamaze. Hakuwa mwalimu mbaya. Alimwonea huruma, akaona ni afadhali asimuulize kuliko kumtia aibu mbele ya darasa. Baina yao kukawa na mapatano yasiyosemwa: wewe usinisumbue, nami sitakusumbua.

Huruma hiyo ilimgharimu Carlos kuliko kicheko. Kila siku ambayo hakuulizwa, darasa zima lilithibitishiwa na mwalimu mwenyewe kwamba huyu hana la kusema.

Jigso ikavunja mapatano hayo kwa nguvu. Carlos alikuwa na kipande, na bila kipande chake watano wengine hawakuwa na habari. Zamu yake ilipofika, alikuwa amekisoma na kukielewa, lakini maneno yakamgoma. Akasita, akajikwaa, akajizungushazungusha kwenye kiti. Wenzake wakafanya walichozoea. Msichana mmoja akamwambia hajui kitu, ni mjinga.

Msaidizi wa utafiti alikuwa akizunguka kati ya vikundi. Akasogea na kusema jambo la kawaida tu: mnaweza kuendelea hivyo mkitaka, pengine inawafurahisha, ila haitawasaidia kujua sehemu hii ya maisha ya Eleanor Roosevelt, na mtihani unakaribia. Akaondoka.

Hakumkemea yule msichana wala hakutaja rangi. Hakuwaomba wamhurumie Carlos. Alichowakumbusha ni hesabu yao wenyewe. Katika darasa la zamani, kumcheka Carlos kulikuwa hakuna gharama, na mtu mmoja akipunguzwa kwenye mashindano ni faida. Katika darasa hili kila dakika ya kicheko ilikuwa dakika iliyopotea kabla ya mtihani, na kilichohitajika kilikuwa kichwani mwa Carlos.

Haikuisha siku hiyo. Ilichukua siku kadhaa mpaka watoto wakatambua kwamba kama wanataka kipande cha Carlos lazima wakitoe kwa ustadi. Wakaanza kumsikiliza. Kisha wakaanza kuuliza: ilikuwaje baada ya hapo, kwa nini alifanya hivyo, una maana gani ukisema hivi. Wakawa kama waandishi wa habari wazuri wanaojua kumfungua mtu anayesitasita. Carlos, kwa kuulizwa maswali aliyoweza kuyajibu, akatulia. Alipotulia, Kiingereza chake kikawa kinaeleweka. Kilipoeleweka, wakagundua ana akili kuliko walivyodhani, na baadhi yao wakampenda. Yeye naye akaanza kuwaona kama watu wa kumsaidia badala ya watu wa kumtesa.

Ninapenda kuutazama mfuatano huo mara mbili. Mapenzi yalikuja mwisho. Kwanza ilikuja haja, haja ikaleta maswali, maswali yakaleta majibu, majibu yakabadilisha maoni. Mipango mingi ya kujenga umoja darasani inaanza mwishoni: inawataka watoto wapendane kwanza ili baadaye washirikiane. Si ajabu kwamba Aronson aliifuata njia ya kinyume. Alikuwa mwanafunzi wa Leon Festinger, mwanasaikolojia aliyejulikana kwa hoja kwamba mtu akishatenda jambo hutafuta namna ya kulinganisha mawazo yake na kitendo chake. Mtoto aliyetumia wiki nzima kumsikiliza Carlos kwa makini ana kazi ngumu ya kuendelea kuamini kwamba Carlos ni mjinga.

Na tazama ujuzi uliopatikana kando ya Eleanor Roosevelt. Kuuliza swali linalomsaidia mwenzako aseme anachokijua si jambo dogo. Hakuna somo lililowafundisha; walilazimika kulibuni.

Matokeo, na yanapofikia kikomo

Aronson na wenzake hawakuridhika na simulizi. Walilinganisha madarasa yaliyotumia jigso na madarasa yaliyoendelea kama zamani. Watoto wa jigso waliwapenda zaidi wanakikundi wenzao, wakiwemo wa rangi nyingine, na kujithamini kwao kulipanda. Hayo yalitokea ingawa mbinu ilitumika sehemu tu ya siku na vipindi vingine vilibaki na utaratibu uleule wa mikono hewani.

Kuhusu masomo, utafiti uliochapishwa mwaka 1976 ulihusisha wanafunzi 303 wa darasa la tano. Watoto Weusi na wenye asili ya Meksiko walifanya vizuri zaidi katika madarasa ya jigso kuliko wenzao wa madarasa ya kawaida; watoto Weupe walifanya vilevile katika aina zote mbili. Nusu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo inayomnyamazisha mzazi anayelalamika kwamba mwanawe mwenye uwezo anageuzwa mwalimu wa bure. Hakupoteza.

Kuna jaribio jingine ambalo naliona la maana zaidi, la Diane Bridgeman, lililochapishwa mwaka 1981. Aliwaonyesha watoto wa miaka 10 mfululizo wa katuni. Kivulana kinamuaga baba yake uwanja wa ndege kwa huzuni. Picha inayofuata, mleta barua anamkabidhi kifurushi. Anafungua, ndani mna ndege ya kuchezea, anaangua kilio. Ukimuuliza mtoto kwa nini kivulana analia, karibu kila mmoja anajua: ndege imemkumbusha baba. Kisha Bridgeman akauliza: mleta barua anadhani nini? Watoto wengi wa umri huo hujibu kwamba mleta barua naye anajua ni huzuni ya baba, kwa sababu wao wenyewe wanajua. Waliokuwa wamesoma kwa jigso kwa wiki nane walielewa zaidi kwamba mleta barua hakuona ya uwanja wa ndege, kwa hiyo lazima ameduwaa kuona mtoto analia kwa zawadi nzuri. Ukishaelewa hilo, umeelewa pia kwa nini Carlos anayejikwaa si lazima awe mjinga. Na mtoto ambaye kila siku anapaswa kueleza jambo kwa watu wasiolijua hana budi kufikiri mara kwa mara kile ambacho msikilizaji wake hajakiona.

Miaka baadaye Aronson alipokea barua kutoka kwa Carlos, akiwa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu na amekubaliwa katika shule ya sheria ya Harvard. Inasimuliwa sana. Inagusa, lakini mtu mmoja si ushahidi, na sijui kwa nini tunaikimbilia wakati mleta barua wa Bridgeman anatuambia mengi zaidi.

Sasa upande wa pili. Katika jigso halisi, mtoto anajifunza sehemu kubwa ya mada kutoka midomoni mwa watoto wenzake. Kipande chake atakijua vizuri. Vingine vitategemea bahati ya kikundi. Robert Slavin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins aliliona hilo, akatengeneza toleo jingine ambamo kila mwanafunzi anasoma mada yote kisha anabobea katika sehemu moja, na maendeleo ya kila mmoja yanachangia alama za timu. Toleo hilo linaziba pengo la maarifa. Ila linalegeza kamba ileile iliyomvuta yule msichana kwa Carlos: mwenye mada yote mkononi anaweza kumpuuza jirani yake na bado akafaulu.

Na mwaka 2022 Arnaud Stanczak na wenzake walichapisha majaribio matano waliyoyafanya kwa watoto wa takriban miaka 11 nchini Ufaransa. Katika ufaulu wa masomo, hawakupata faida ya maana ya jigso. Matokeo hayo yasipuuzwe, wala yasinyooshwe kupita kipimo. Kilichopimwa hapo ni maarifa, na Austin haikumwita Aronson kwa sababu watoto hawakujua historia. Ilimwita kwa sababu walikuwa wanapigana. Mtu akiniuliza kama jigso itapandisha alama za darasa lake, nitamwambia asiitegemee. Akiniuliza afanye nini na darasa ambamo watoto wanne hawajawahi kuulizwa swali na mwenzao hata mara moja, nitamwambia aanzie hapo.

Kwa anayetaka kujaribu

Mada ndiyo inayoamua. Maisha ya mtu, sababu za vita, viumbe wa mazingira mbalimbali, mambo ambayo sehemu moja inaeleweka bila kusubiri nyingine, yanafaa. Sehemu ambazo moja inajengwa juu ya nyingine hazifai: huwezi kumpa mtoto mmoja kutafuta kipeo cha pili na mwingine kanuni inayokitumia, ukatarajia waelewane. Huko kwenye hisabati ni bora kazi ambayo wote wanaanza na tatizo lilelile gumu.

Mwenye kutawala mazungumzo atakuwepo katika kila kikundi. Teua kiongozi wa siku, na uongozi uzunguke; baada ya muda anayetawala ataona kwamba kuwakatiza wenye vipande kunampunguzia alama yeye mwenyewe. Mwerevu anayechoka haraka mpe jukumu la kufikiria namna ya kueleza, siyo kueleza tu, maana mtoto anayejua jambo na anayejua kulifundisha ni wawili tofauti. Kwa anayesoma kwa shida, pita kwenye kikao cha wenye kipande chake kabla hajarudi kikundi mama, umsikilize akieleza mara moja.

Usitarajie siku ya kwanza. Watoto wamefundishwa kushindana kwa miaka, na kipindi kimoja cha jigso kikiharibika hakionyeshi kitu isipokuwa kwamba hawajazoea.

Utoro ndio utakaokusumbua kuliko vyote. Mwenye kipande cha tatu akiugua, kikundi kizima kina shimo. Kama idadi ya darasa haigawanyiki sawasawa, usiache kikundi chenye pengo. Weka watoto wawili kwenye kipande kimoja, hasa kile kigumu, na mmoja asipokuja mwingine yupo. Vikundi viwili vikipungukiwa siku moja, viunganishe kwa siku hiyo tu, kisha virudishe, kwa sababu kikundi kinachobadilishwa kila wiki hakipati muda wa kujifunza namna ya kumuuliza Carlos wake.